HJ45 imewekewa diski mbele: pedali inazama, na ikipata moto breki zinashika. Kosa liko wapi?

1. Chuma_Chakavu
Wakuu salaam. Gari ni Land Cruiser HJ45 pikapu ya 1978, injini H ya dizeli. Kiwandani ilitoka na drum magurudumu yote manne. Mbele sasa imefungwa nako (kiungo kinachokata gurudumu), spindo (mhimili wake), hab (kitovu cha gurudumu), diski na kalipa (mdomo unaobana pedi kwenye diski) za pistoni nne kutoka Land Cruiser HJ60. Nyuma imebaki na drum zake. Masta silinda (pampu ya oili inayosukumwa na pedali) ni ileile, busta (inayouongezea mguu nguvu kwa mvuto wa hewa) ileile, na paipu za chuma zilezile isipokuwa hozi za mbele, ambazo ni mpya.

Dalili ziko mbili. Ya kwanza, pedali inakwenda zaidi ya nusu ukikanyaga, lakini ukiachia na kukanyaga tena haraka inapanda juu na kuwa ngumu. Ya pili, ukitembea kilomita 15 au 20 za mjini, mbele zinaanza kushika zenyewe, hab zinachemka, gari inakuwa nzito. Ukiiacha ipoe, zinaachia. Upepo umetolewa vizuri na hakuna kinachovuja. Nianzie wapi?

2. FundiMkimya
Umejijibu mwenyewe uliposema "masta ileile". Kalipa ya pistoni nne inameza oili nyingi kuliko wili silinda (visilinda vinavyosukuma shuu) za drum, kwa hiyo masta ndogo inamaliza safari yake kabla ya kujaza. Ukikanyaga mara ya pili unaongezea juu ya ile iliyokwisha kwenda, ndiyo maana inapanda.

Angalia ubavuni mwa masta, ukubwa umeandikwa kwenye chuma chenyewe: 7/8, 15/16 au 1. Hesabu ni hii. Masta ya 7/8 ni milimita 22.2, eneo lake kama 387 za mraba. Ya inchi 1 ni milimita 25.4, eneo 507. Ukihama kutoka hiyo kwenda hii unapata oili asilimia 31 zaidi kwa mkanyago uleule. Tafuta masta ya gari lililotoka kiwandani na diski mbele na drum nyuma. Ya HJ60 ndiyo inayoendana na kalipa ulizoweka.

3. NyundoYaMbao
Mkuu FundiMkimya, hesabu yako iko sawa ila umeisoma upande mmoja. Oili ikiongezeka kwa asilimia 31, presha kwa mguu uleule inashuka karibu asilimia 24. Kwenye diski hilo si jambo dogo. Drum inajisaidia yenyewe: breki shuu ya mbele ikigusa, mzunguko wa gurudumu unaivuta izidi kukaza. Diski haina msaada huo, nguvu yote inatoka mguuni na kwenye busta. Mtu akiweka masta kubwa na busta ikiwa imechoka, pedali inakaa juu, ngumu, nzuri, na gari halisimami.

Tena masta haielezi ile dalili ya pili.

4. Shimu_Nyembamba
Dalili ya pili ni valvu ya kubakiza presha. Masta nyingi za drum zina valvu ndogo kwenye tundu la kutokea oili, inabakiza kama psi 10 (psi ni kipimo cha presha) ndani ya paipu hata ukiachia pedali. Kwenye drum inafaa, maana inaifanya mipira ya wili silinda ibane ukuta isiingize hewa, na springi za kurudisha shuu zina nguvu kuliko hiyo psi 10. Kalipa haina springi ya kurudisha. Pistoni inarudishwa na sili yake tu, kidogo sana, kwa hiyo psi 10 inatosha kuziacha pedi zikisugua diski kutwa nzima. Joto linapanda, oili inatanuka, inashika.

Kuiondoa: fungua paipu ya mbele kwenye masta. Ndani utaona kiti cha shaba njano, kile ambacho mdomo wa paipu unakikalia. Pitisha skrubu inayojikata uzi kwenye tundu lake, ivute kwa koleo, kiti kitatoka. Nyuma yake kuna kipira na springi. Vitoe, rudisha kiti. Ya upande wa nyuma usiiguse, huko bado kuna drum.

5. Kijana_wa_Kirinyaga
Salamu kutoka Nairobi. Shimu amesema ukweli, ila ukitoa hiyo ya psi 10 weka ya psi 2 ya diski, ndio oili isirudi yote kwa masta.

6. Shimu_Nyembamba
Hapana kaka. Ya psi 2 ni ya magari ambayo masta iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, na oili inarudi kwa uzito wake. HJ45 masta iko juu kwenye ukuta wa injini, kalipa ziko chini. Oili itarudi kwenda wapi?

7. Kijana_wa_Kirinyaga
Sawa, hiyo nimeikubali.

8. MamaGereji
Kabla hamjamfungulisha masta mtu wa watu, hiyo valvu haipo kwenye kila masta. Wili silinda nyingi zina springi yenye kikombe cha bati kinachotanua mpira, na masta ya namna hiyo haihitaji valvu. Anaweza kung'oa kiti akakuta patupu, na amekwisha kukiharibu.

Kwa maoni yangu mtazame fimbo ya busta. Je, masta ilishushwa ikarudishwa? Gasketi ilibadilishwa? Fimbo ikiwa ndefu kidogo tu inaisukuma pistoni ya masta ipite lile tundu dogo la kurudishia oili. Tundu likizibwa, oili iliyopata moto haina njia ya kurudi kwenye kikopo cha oili juu ya masta. Inatanuka, presha inapanda, breki zinashika, zikishika joto linazidi. Ikipoa inaachia. Soma tena post ya kwanza uone kama siyo hii.

Njia ya kujua ni fupi, fanyeni zikiwa zimeshika, siyo zikiwa baridi:

Nyanyua mbele, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono uhakikishe limeshika. Legeza nati za masta kwenye busta, ivute mbele kama milimita 2 au 3 bila kufungua paipu. Gurudumu likiachia, ni fimbo au pedali isiyorudi yote. Lisipoachia, fungua paipu ya mbele pale kwenye masta. Likiachia hapo, kosa liko ndani ya masta: valvu ya Shimu, au tundu limeziba uchafu. Lisipoachia bado, fungua nipeli ya kalipa (ile ya kutolea hewa). Likiachia kwenye nipeli peke yake, ni hozi. Lisipoachia hata kwenye nipeli, pistoni za kalipa zimekamata, au beringi zimekazwa kupita kiasi.

Miwani na kitambaa, oili itaruka. Na ikidondoka kwenye rangi inaila, mwaga maji mara moja.

9. FundiMkimya
Mama umesema vizuri, ila hozi ni mpya, alishaandika.

10. MamaGereji
Mpya ya dukani siyo lazima iwe nzima. Na mpya iliyofungwa ikiwa imejipinda inaziba vilevile. Ifungwe matairi yakiwa yamenyooka, kisha ukate usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone haigusi springi wala tairi wala haijajisokota.

11. Wanonaini
Ndiyo maana sisi wa Land Rover 109 tumetulia. Drum inchi 11, silinda mbili kila gurudumu la mbele, imeteremka mlima Kitonga na mzigo miaka yote.

12. NyundoYaMbao
Imeteremka kwa gia ya pili, siyo kwa drum.

13. Wanonaini
Hahaha. Gia ya pili nayo ni ya Land Rover, tuwekee kwenye hesabu.

14. DifuLoki
Wanonaini amegusa kitu bila kukusudia. Drum ikichemka kwenye mteremko inatanuka, inazikimbia shuu, kwa hiyo pedali inashuka kadiri unavyokanyaga. Diski ikichemka inanenepa kuelekea pedi, pedali inabaki palepale hata kama pedi zenyewe zimeanza kupoteza mshiko. Na zile silinda mbili za mbele zinafanya shuu zote mbili zijivute gari likienda mbele. Likirudi nyuma hakuna inayojivuta. 109 yenye mzigo ikianza kurudi nyuma mlimani, ombeni Mungu.

Sasa pedali kuzama. Hakuna aliyeuliza drum za nyuma zimerekebishwa lini. Kwenye Land Cruiser 40 na 45 za zamani kila gurudumu lina silinda mbili, na kila silinda ina nyota yake ya kurekebishia. Hazijirekebishi. Nyuma peke yake unazo nyota nne. Shuu ikiwa mbali na drum, pistoni inasafiri bure, na mkanyago wa kwanza unaishia huko. Zungusha kila nyota mpaka gurudumu likamate kabisa, kanyaga pedali shuu zikae katikati, kaza tena, halafu rudisha meno machache mpaka lizunguke kwa kusikika tu kidogo. Moja moja.

Kuthibitisha bila kufungua kitu: bana hozi ya nyuma, ile inayotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli, kwa kibanio cha hozi chenye midomo ya mviringo. Kanyaga. Pedali ikisimama juu, tatizo liko nyuma na masta yako haina kosa. Ikizama vilevile, rudi mbele. Hozi ya zamani iliyopasuka ngozi usiibane, badili kwanza.

15. FundiMkimya
Hicho kipimo nakikubali, tafsiri yake siikubali. Ukibana hozi ya nyuma umepunguza pia kazi ya masta, hivyo hata masta ndogo itaonekana nzima. Pedali kupanda hakuiondolei masta lawama.

16. DifuLoki
Masta ni ya njia mbili, kila chumba kina oili yake. Kubana nyuma hakuongezi oili ya mbele hata tone.

17. FundiMkimya
Pedali ni moja na pistoni zinafuatana. Chumba kimoja kikikosa pa kupeleka oili, kinakuwa ukuta, na unachokihisi mguuni ni huo ukuta. Labda masta yenyewe ilikuwa na shida ya chumba cha mbele.

18. Mzee_wa_Ringi
Mkimaliza kugombana, mwulizeni beringi. Diski ikiyumba, inazisukuma pedi na pistoni ndani kila mzunguko. Unapokanyaga mara ya kwanza unazirudisha tu mahali pake, mara ya pili ndipo unafunga breki. Dalili ya kwanza ni hiyohiyo, na masta ikiwa mpya kabisa.

Beringi za hab hizi zinafungwa na nati mbili na washa ya kukunja katikati, soketi milimita 54. Siyo patasi na nyundo, jamani. Kaza nati ya ndani mpaka Nm 60 huku ukizungusha hab pande zote mbili, ilegeze mpaka izunguke kwa mkono, kisha kaza taratibu. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye stadi ya gurudumu, vuta. Hab ianze kuzunguka kwenye kilo 3 hadi 5 hivi. Ndipo uweke washa na nati ya nje, ukunje, halafu upime tena, kwa sababu nati ya nje inabadilisha mkazo. Baada ya hapo weka saa ya kupimia kwenye uso wa diski, ndani kidogo ya ukingo. Myumbo ukizidi milimita 0.15, fungua diski kwenye hab, safisha kutu kati yake, igeuze tundu moja, pima upya. Diski za mtumba zikipelekwa kwa mchongaji, unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikishafika hapo haichongwi tena.

19. Kijana_wa_Kirinyaga
Na kalipa je, ziko upande wake? Nipeli ya kutolea hewa lazima iwe juu kabisa. Watu hufunga ya kushoto kulia, bolti zinaingia bila shida, nipeli inakaa chini, hewa inabaki juu milele. Utatoa hewa mpaka mwaka uishe.

20. Chuma_Chakavu
Nipeli ziko juu, nimetazama. Masta imeandikwa 7/8. Ilishushwa, ndiyo, gasketi ya zamani haikurudi. Nyota za nyuma sijazigusa.

21. MamaGereji
Gasketi haikurudi! Umeisogeza masta nyuma kwa unene wa gasketi. Pima: toa masta, kwa venia (kipimo cha sehemu za milimita) pima kutoka uso wa busta hadi ncha ya fimbo, kisha kina cha tundu la pistoni kutoka uso wa masta, na gasketi uihesabu. Kati ya ncha na pistoni ibaki nafasi ndogo sana, sehemu ya milimita, lakini iwepo. Ncha ina nati ya kurekebishia. Nafasi ikiwa kubwa, utaongeza safari ya pedali bure.

22. Shimu_Nyembamba
Inawezekana. Ila kama ingekuwa fimbo, drum za nyuma nazo zingeshika, maana pistoni zote mbili zinasukumwa. Yeye kasema mbele tu. Valvu inaathiri diski peke yake.

23. MamaGereji
Fimbo inasukuma pistoni ya kwanza moja kwa moja, ya pili inasukumwa kupitia springi. Tundu la chumba cha kwanza linaweza kuzibwa peke yake. Afuate paipu kwa mkono ajue mbele inalishwa na chumba kipi, asikisie. Wakati huohuo atazame vikopo: kama kimoja ni kikubwa, ndicho cha diski. Pedi zikiisha pistoni zinatoka nje na oili inazifuata, kikopo kidogo kinakauka huku hakuna kilichovuja.

24. Mlima_Baridi
Busta hamjaigusa. Hiyo ni dizeli, haina mvuto kwenye manifodi, inategemea pampu iliyoko nyuma ya alteneta. Zima injini, kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, washa. Pedali isiposhuka kidogo chini ya mguu, hakuna mvuto. Pampu nzima ifike karibu milimita 700 za zebaki, ikiwa chini sana ya hapo badili.

25. Kijana_wa_Kirinyaga
700 utaipata Mombasa ama Dar. Hapa Nairobi hewa yenyewe ni kama 625, huwezi kuvuta kile hakipo. Pima ukijua uko urefu gani, la sivyo utanunua pampu tatu na zote utasema ni mbovu. Hii pia ndio sababu busta iliyotosha Pwani inaonekana dhaifu ukipanda Limuru, na diski inakuonyesha haraka kuliko drum.

26. Mlima_Baridi
Sawa. Basi iseme robo tatu na zaidi ya hewa ya mahali ulipo.

27. Bwana_Tope
Naomba kuuliza pembeni: nyuma nayo ikiwekwa diski, handbreki inakwenda wapi?

28. DifuLoki
Kwenye 40 na 45 za zamani haiko kwenye magurudumu. Ni drum ndogo nyuma ya transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma), inashika propela (shafti ya kwenda kwenye difu). 109 nayo ni hivyohivyo, Wanonaini ataanza kujisifu. Kwa hiyo diski za nyuma hazikuondolei handbreki. Mambo mawili tu: usiivute gari likitembea, itavunja kitu kwenye difu au propela. Na ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lile la hewani lizunguke na lililo chini lizunguke kinyume. Gari linaondoka juu ya jeki na handbreki ikiwa imevutwa. Weka magogo.

Ila kwa pikapu mimi nyuma ningeacha drum. Tope la mchanga wa mtoni linakula pedi kama msasa, faida ya nyuma ni ndogo, na pikapu tupu tayari inakimbilia kufunga magurudumu ya nyuma.

29. NyundoYaMbao
Hapo kwenye kufunga nyuma ndipo penye hatari kuliko pedali. HJ60 ina valvu ya kupunguza presha ya nyuma kufuatana na mzigo. HJ45 yake haina. Ajaribu mahali pa wazi, kwenye vumbi, spidi 30, gari likiwa tupu. Nyuma zikitangulia kufunga, aweke valvu ya kurekebisha kwa mkono kwenye paipu ya nyuma na aibane mpaka mbele zitangulie.

Halafu paipu. Asiunganishe kwa bomba la shaba la friji wala kwa kiungo cha kubana. Bomba la breki ni chuma au shaba yenye nikeli, milimita 4.75, mdomo uliokunjwa mara mbili, nati za Toyota ni M10 uzi wa 1.0. Nati ya Land Rover inaingia uzi mmoja wa kwanza halafu inakata. Hapa mtaa wa Gerezani, Dar, zinauzwa kwenye boksi moja.

30. Mzee_wa_Ringi
Na rimu. Zile za drum zinaweza kugusa kalipa. Bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya kalipa, funga rimu, zungusha, pima unene uliobaki: ukiwa chini ya milimita 3, tafuta rimu nyingine. Risasi za balansi za ndani zihesabu pia. Kuchonga kalipa sikushauri.

31. Chuma_Chakavu
Shukrani wote. Mrejesho. Zikiwa zimeshika, masta imelegezwa ikavutwa mbele milimita 2: gurudumu la kulia limeachia, la kushoto limelegea nusu. Paipu ya mbele ikafunguliwa, la kushoto halikubadilika. Nipeli ya kushoto, limeachia na oili imetoka kwa nguvu. Kubana hozi ya nyuma: pedali imepanda, siyo juu kabisa.

32. MamaGereji
Kulia fimbo. Kushoto fimbo na hozi.

33. Shimu_Nyembamba
Hiyo ya kushoto inaweza kuwa uchafu wa paipu za zamani umesukumwa hadi kwenye mdomo wa hozi mpya. Fungua pande zote mbili, pitisha oili safi, uone inavyotoka. Na kwa kulia bado naishuku valvu. Sijashawishika.

34. DifuLoki
Pedali imepanda. Nyota za nyuma, mkuu.

35. FundiMkimya
Imepanda, "siyo juu kabisa". Kipande kilichobaki ni 7/8.

36. Mzee_wa_Ringi
Au myumbo wa diski. Saa ya kupimia haijawekwa bado.

37. NyundoYaMbao
Anza na visivyo na gharama: fimbo, nyota, mkazo wa beringi. Kama baada ya hapo utabadili masta, ipigie pampu mezani kwanza. Ishike kwenye jiliwa kwa masikio yake, siyo kwa mwili. Weka vibomba kutoka kwenye matundu mawili virudi ndani ya vikopo chini ya oili, sukuma pistoni taratibu kwa kijiti cha mbao mpaka mapovu yaishe. Oili ya breki iwe DOT 3 au DOT 4, chupa iliyofunguliwa leo. Ya silikoni, DOT 5, usiichanganye na hizo. Ukitoa upepo baadaye kwenye gari lenye masta kuukuu, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni, maana huko chini silinda ina kutu ambayo mipira haijawahi kuipitia, na mpira ukipita hapo unachanika.

38. Wanonaini
Chuma, zile drum za mbele ulizotoa unauza?